Aliniangalia usoni, halafu akakata mbele yangu

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina miezi miwili tangu nianze kwenda kazini kwa pikipiki yenye injini ya cc 150. Safari yangu ni kama kilomita 14, karibu yote foleni, asubuhi na jioni. Juzi gari dogo lililokuwa linakuja upande wa pili lilikata mbele yangu kuingia njia ya pembeni. Naapa dereva aliniangalia usoni kabisa. Nilikanyaga breki, tairi la nyuma likaseleleka, nikasimama nimebakiza kama urefu wa mkono. Mwenzangu kazini anasema nisiwe mwoga, nipenye katikati ya magari tu, maana ukijipanga nyuma ya gari utagongwa kwa nyuma. Mume wangu anasema niiuze. Nifuate la nani? Na je, kuwasha taa mchana na kupiga honi kunasaidia?

JIBU: Marahaba, dada yangu, na pole sana. Mtetemeko wa magoti baada ya tukio kama hilo naujua.

Nianze na huyo dereva. Nakubali kabisa kwamba alikuangalia. Ila kuangalia si kuona. Dereva anayetaka kukata njia hatafuti kila kinachokuja, anatafuta gari. Macho yake hayatelezi kutoka kulia kwenda kushoto kama tunavyodhani, yanaruka kutoka nukta hadi nukta, na jicho likiwa katikati ya kuruka ubongo hauchukui picha. Ule mwanya unazibwa kwa kukisia. Pikipiki ni nyembamba kiasi cha kumezwa yote ndani ya mwanya huo. Inamezwa pia na ile nguzo inayoshika kioo cha mbele cha gari, na ikishaingia nyuma yake inaweza kukaa hapo sekunde kadhaa, kwa kuwa wewe unasogea na yeye anasogea. Siku ukiwa abiria wa kiti cha mbele, fumba jicho moja uone nguzo hiyo inaficha vitu vingapi barabarani.

La pili ndilo linalonitisha zaidi. Hata akikuona, anakosea hesabu. Kitu kidogo huonekana kiko mbali kuliko kilipo, na kitu kinachokujia moja kwa moja huonekana kama kimesimama mpaka kifike karibu kabisa, ndipo kinavimba ghafla. Dereva anajiambia "nawahi." Ungekuwa lori, asingethubutu.

Wala hili halikuanza na wewe. Mwaka 1981 Harry Hurt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southern California, Marekani, walitoa ripoti ya ajali 900 za pikipiki walizozichunguza palepale zilipotokea, eneo la Los Angeles. Katika zile ambazo pikipiki iligongana na chombo kingine, theluthi mbili zilisababishwa na dereva wa pili kumnyima mwendesha pikipiki haki yake ya kupita. Hilo wengi wanalijua. Ninalowakumbusha wanafunzi wangu kila mara ni mengine mawili yaliyomo humo. Mwendo wa kati kabla ya ajali ulikuwa kama kilomita 48 kwa saa, yaani mwendo wa kawaida wa mjini, si wa wendawazimu. Na tangu hatari ijitokeze hadi kugongana, mwendeshaji alikuwa na chini ya sekunde 2.

Sekunde 2 hazitoshi kufikiri. Zinatosha kufanya lile ambalo mkono umeshalizoea, basi. Kwa hiyo kazi yenye maana unaifanya kabla hazijaanza kuhesabika.

Tuchukue makutano yaleyale ya juzi. Unayakaribia, na kule mbele gari limewasha indiketa linasubiri kukata. Achana na macho ya dereva, yalikwishakudanganya. Tazama tairi lake la mbele, pale chini linapogusa lami. Gari haliwezi kuondoka bila tairi kuzunguka, na mzunguko wa tairi unaonekana kabla bodi haijaonekana kusogea. Ukiona nati za rimu zimeanza kutembea, amua kwamba anakuja, hata kama usoni anatabasamu. Indiketa nayo isikupe raha. Indiketa inayowaka inakuambia kwamba taa ni nzima. Mengine yote ni matumaini yako.

Wakati huohuo umeshapunguza mafuta, na vidole viwili vimelala juu ya mkono wa breki ya mbele bila kuubana. Vidole hivyo peke yake vinaokoa sehemu ya sekunde ambayo ungeitumia kuvitafuta. Hesabu yenyewe ni hii. Ukiwa kwenye kilomita 50 kwa saa unatembea karibu mita 14 kila sekunde. Sekunde moja ya kushtuka, mita 14 zimekwisha breki haijaguswa. Kisha kama mita 14 nyingine, lami ikiwa kavu na breki zako nzima, ndipo unasimama. Ukiwa kwenye 40, ni mita 11 za kushtuka na kama 9 za kusimama. Kwa hiyo 28 dhidi ya 20. Tofauti hiyo ya mita 8 ni magari mawili madogo yaliyopangwa mbele na nyuma, na wewe juzi ulibakiza urefu wa mkono.

Sihubiri mwendo wa kinyonga safari nzima. Punguza pale penye makutano, mdomo wa kituo cha mafuta, geti, mahali popote gari linapoweza kuingia au kutoka, kisha rudisha mwendo wako. Kwenye kilomita 14 utapoteza dakika chache tu, na hizo foleni itazimeza zenyewe.

Halafu sogea. Njia yako ina upana, itumie. Pikipiki inayokuja imenyooka kwenye mstari mmoja ni nukta isiyocheza. Ukihama taratibu kutoka upande mmoja wa njia kwenda mwingine, ile nukta inaanza kutembea dhidi ya mandhari ya nyuma, na jicho la binadamu hukimbilia kinachotembea. Hama kwa utulivu, usiyumbe kama mlevi. Na usipende kujificha nyuma ya lori au basi unapofika makutano. Aliye upande wa pili anaona lori limepita, anadhani njia nyeupe, anakata. Wewe unatokea nyuma ya lori kama mzimu.

Sasa breki. Nimeisoma barua yako mara mbili kwa sababu ya neno moja: umeandika "nilikanyaga." Breki ya kukanyaga ni ya nyuma. Pikipiki inapopunguza mwendo, uzito mwingi unaegemea mbele: uma wa mbele, yaani zile nguzo mbili zinazoshika tairi la mbele, unazama, tairi la mbele linakandamizwa kwenye lami, la nyuma linabaki jepesi. Tairi jepesi likibanwa kwa nguvu linafunga, yaani linaacha kuzunguka, na likifunga linaseleleka. Ndicho kilichokupata. Sehemu kubwa ya nguvu ya kukusimamisha iko kwenye breki ya mbele, na kwa maelezo yako hukuigusa, au uliigusa kwa woga. Hauko peke yako. Ripoti ileile ya Hurt iliwakuta waendeshaji wakibana ya nyuma kupita kiasi na ya mbele pungufu, na wengi wao walijifunza wenyewe au kwa jamaa na marafiki.

Breki ya mbele imepakwa matope bure. Watu wanasimulia fulani alibana ya mbele akapinduka. Alichofanya ni kuikwapua ghafla, tairi likafunga kabla uzito haujafika mbele. Ukiikaribisha kwa adabu, haina ugomvi na wewe.

Siku ya mapumziko tafuta uwanja wa lami usio na watu, mkavu, usio na mchanga. Weka alama mbili ardhini, hata kandambili zitafaa. Njoo kwa kilomita 20 kwa saa, usukani umenyooka, macho yako mbali mbele, siyo kwenye tairi. Ukifika alama ya kwanza bana klachi, kanyaga nyuma kidogo, na mbele bana kwa hatua mbili: kwanza shika tu mpaka usikie uma umezama, kisha ndipo uongeze nguvu, na uendelee kuongeza. Ni kama kukamua chungwa, hulipigi ngumi. Tairi la mbele likianza kulia au kuteleza, achia papo hapo, lishike tena. Rudia mara kumi. Panda hadi 30, rudia, kisha 40. Safari za kwanza utaona aibu kwa jinsi unavyosimama mbali. Kufika ya ishirini, mkono utakuwa umeelewa bila kukuuliza. Mimi mwenyewe narudia zoezi hili kila nikibadilisha tairi au pikipiki, na bado huwa kuna kitu kidogo linanifundisha. Na kama yako ina ABS, mfumo unaozuia tairi lisifunge, bana breki kwa nguvu zote angalau mara tatu, uzoee inavyotetemeka mkononi; wengine wakihisi ule mtetemo barabarani hushtuka na kuachia.

Nije kwa mwenzako wa kazini. Ana nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli juu ya magurudumu mawili ina gharama.

Kupenya kati ya mistari ya magari kuna nchi zinaruhusu na nyingine zinakataza, kwa hiyo kwanza ijue sheria ya unapoendesha. Jimbo la California liliweka jambo hilo wazi kwenye sheria iliyotiwa saini 2016. Mwaka uliotangulia watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walikuwa wamechambua ajali karibu 6,000 za pikipiki. Waliona kwamba waliokuwa wakipenya waligongwa kwa nyuma mara chache kuliko wasiopenya. Hapo mwenzako yuko sahihi. Lakini pia waliona kwamba usalama huo unashikilia pale tu magari yanapokwenda chini ya kilomita 80 kwa saa, na mwendesha pikipiki hayazidi kwa zaidi ya kilomita 24 kwa saa. Hiyo tofauti ya mwendo ndiyo kila kitu. Magari yakiwa yamesimama na wewe unapita kwa 40, kila mlango, kila mtoto, kila bampa linalochomoza linakujia kwa 40.

Kwa mtu wa miezi miwili nakupunguzia zaidi: penya tu yakiwa yamesimama au yanajikokota, na usiyazidi zaidi ya mwendo wa mtu anayekimbia mchakamchaka. Yakianza kutembea vizuri, ingia kwenye mstari, kaa kama gari. Foleni ikifunguka wewe uko katikati ya mistari miwili, kila dereva anatafuta upande wenye nafuu, na hakuna anayekutegemea hapo ulipo.

Kuna pengo moja nataka ulichukie. Mistari miwili imebanana, halafu gari moja halisogei, limeacha nafasi mbele yake wakati mbele ni kweupe. Usifurahi. Dereva hajalala. Anampisha mtu: mwenda kwa miguu anayevuka, au gari linalotoka njia ya pembeni, na huyo anayepishwa anamtazama aliyempisha, si wewe unayetokea ubavuni. Ukiona pengo lisilo na sababu, sababu ipo ila hujaiona. Simama.

Mlango ni hadithi nyingine. Goti langu la kushoto linajua mvua itanyesha lini, tangu siku abiria aliyechoka na foleni alipoamua kumalizia safari kwa miguu. Alifungua mlango wa nyuma bila kugeuka. Nilikuwa nimejiona mwangalifu kwa sababu nilikuwa natazama viti vya madereva tu. Tangu siku hiyo natazama vichwa vyote: kichwa kinachoinama kutafuta kitu sakafuni, bega linalosogea upande wa mlango, taa ya ndani inayowaka. Ukiona mojawapo, legeza.

Kwa malori na mabasi kanuni ni fupi: kama huoni uso wa dereva kwenye kioo chake cha pembeni, yeye hawezi kukuona. Na kamwe usiingie kati ya lori na ukingo wa barabara karibu na kona. Linapopinda, magurudumu ya nyuma hayafuati njia ya yale ya mbele, yanakata ndani, palepale ulipo.

Kugongwa kwa nyuma kunazuilika bila kupenya. Ukisimama nyuma ya gari, usijipange katikati ya bampa lake. Kaa usawa wa pembe moja, uache kama mita mbili mbele yako, gia ya kwanza ikiwa ndani, klachi mkononi. Gusagusa breki ili taa yako ya nyuma ipepese, huku jicho liko kwenye kioo. Ukiona anayekuja hapunguzi, una mahali pa kupenyea. Gari la kwanza likishasimama nyuma yako, hilo limekuwa ukuta wako, sasa unaweza kupumua.

Mvua nitaipita haraka. Dakika za mwanzo ndizo mbaya, maji yanapoamsha mafuta na vumbi kabla hayajaoshwa. Mistari iliyopakwa rangi, vifuniko vya chuma vya mashimo na reli vinateleza kama sabuni, vivuke ukiwa umenyooka, bila breki, bila kuongeza mafuta. Acha nafasi mara mbili ya kawaida.

Helmeti sitakuuliza kama unavaa, nitakuuliza kama unaifunga. Ivae, kaza mkanda, kisha mwambie mtu aishike nyuma chini aisukume kuelekea mbele. Ikivuka kichwa, huna helmeti, una kofia. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa 2008 na Cochrane, mtandao wa watafiti wa afya, ulikuta helmeti inapunguza hatari ya kufa kwa karibu asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Ikishapokea kishindo kimoja kikubwa, ile povu ya ndani imejitoa mhanga. Nunua nyingine hata kama nje inang'aa. Baada ya helmeti, glavu, kwa sababu anayeanguka hutanguliza viganja.

Jambo moja linahusu safari yako hasa, kwa kuwa ni ileile kila siku. Hurt alikuta ajali nyingi zinatokea kwenye safari fupi, muda mfupi baada ya kuondoka, karibu na mtu alikotokea. Njia uliyoizoea unaacha kuitazama. Wanafunzi wangu huwa nawaambia waisemee kwa sauti ndani ya helmeti: "geti kushoto, mtoto, basi linataka kutoka, mchanga." Utajihisi kichaa, ila hakuna anayekusikia. Ukijikuta umenyamaza, jua akili imeshafika kazini kabla yako. Jioni angalia pia kivuli chako. Kikikutangulia mbele kirefu, jua liko mgongoni mwako, wewe unaona kila kitu vizuri, na huyo anayekuja mbele ana jua lote machoni. Saa hiyo, kwake wewe haupo.

Shemeji mwambie nimemsikia, na woga wake una msingi. Mwombe majuma manne. Majuma mawili ya zoezi la breki, kisha mawili ya kwenda kazini bila kupenya kabisa, ukikaa kwenye mstari kama gari. Baada ya hapo, ikiwa bado unashuka kwenye pikipiki mikono inatetemeka, uza, na sitakucheka. Nimewahi kuwashauri wawili waache, mmoja alinuna mwaka mzima.

Taa mchana, washa, tena ile ya chini. Inasaidia uonekane mbele, ambako ndiko hatari nyingi zinatokea, na koti la rangi kali nalo linasaidia. Taa kubwa usimwangazie mtu: inamwumiza macho, inaficha umbali wako, na wengine wakimulikwa hudhani umewapisha wapite. Honi ipige mapema, fupi, kabla dereva hajaanza kusogea, kwa kidole gumba tu. Akishaanza kusogea iache, kwa sababu wakati huo mikono yote miwili ina kazi nyingine.